Kisima cha Uani kwa Shekalaghe

Sogeeni, kisa ni kifupi ila kicheko chake ni kirefu.

Ofisa wa wilaya alipokaribia kuja Kwamngodo kukusanya maoni ya mpango wa maendeleo wa miaka ishirini, wanakijiji walitaka kisima kichimbwe shuleni. Bwana Shekalaghe, mwenye mashine pekee ya kusaga, akapita nyumba kwa nyumba akifoka, "Kisima kitachimbwa uani kwangu! Atakayenipinga mkutanoni asilete tena mahindi yake!"

"Nani akupinge, baba?" akaitikia Bi Semeni, muuza vitumbua. Shekalaghe alipoondoka tu, Bi Semeni naye akajitanda kanga, akapita nyumba zile zile.

Mkutanoni Bi Semeni ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. "Kisima kiwe kwa Bwana Shekalaghe!"

Makofi! Shekalaghe akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Na josho la ng'ombe liwe hapo hapo kwenye maji!" akadakia jirani.

"Na vyoo vya soko!"

"Na jalala!"

"Na uwanja wa ngoma!"

Vigelegele vikapaa. Ofisa aliandika hadi jasho likamtoka.

"Na makaburi mapya," akamalizia Bi Semeni kwa upole, "pale chini ya dirisha lake."

Shekalaghe akaruka kama aliyekalia siafu. "Futa! Futa vyote! Kisima kipelekeni huko huko shuleni!"

Ofisa akainua kalamu. "Kuna anayempinga?"

Watu walikuwa wameziba midomo kwa viganja, mabega yakiwatikisika.

"Thubutu!" akasema Bi Semeni. "Nani ampinge mwenye mashine?"