Kindi, Kiboko na Mashine Iliyonenepa

Hapo zamani za kale, wala si za kale sana, kwa kuwa umeme ulikuwa umeshafika porini na wanyama wameshaanza kugombana juu ya luku, paliishi Kindi.

Kindi alikuwa mjane mwenye mkia mkubwa na kibanda kidogo. Kibanda chenyewe kilikuwa uwanjani, chini ya nguzo ya umeme. Ndani mlikuwa na televisheni, mashine ya gemu, na benchi lililotosha Nyati mmoja au ukoo mzima wa digidigi. Sheria ilikuwa moja tu: ukifungwa, unapisha. Hata uwe na pembe.

Sasa tegeni masikio. Huko porini mashine za gemu zilikuwa na marika, kama vijana wa jando. Kila baada ya miaka mingi liliingia rika jipya, nalo lilikuja na gemu zake lenyewe, ambazo mashine za zamani hazikuweza kuzicheza hata uzipigie magoti. Siku hiyo rika la zamani lilistaafu, na mwenye mashine mpya akapewa kibanda cha chini ya nguzo. Mila ilisema: rika jipya haliazimi ngoma ya wakubwa wake. Kindi naye alikipata kibanda hivyo hivyo kutoka kwa Kobe, na kibanda hicho ndicho kilichowalisha wanawe.

Basi mashine ya Kindi ilikuwa bado katikati ya umri wake, haina hata mvi, Kiboko alipotokea na sanduku.

Kiboko alikuwa mfanyabiashara aliyekwenda mjini akarudi na miwani. Alilitua sanduku uwanjani, pu! Akafunua shuka, akawasha. Taa za buluu zikametameta, feni ikanguruma, vuuuuu. Akatangaza kwamba mashine hiyo ina nguvu maradufu, kwamba ukiitazama utaona majani moja moja na umande juu yake, na kwamba hilo ndilo rika jipya. Siku ya gulio angemwomba Mwenyekiti Tembo ampe kibanda. Kindi aanze kufungasha.

Wanyama walitaharuki. Nyati, aliyeuziwa mashine kama ya Kindi na Kiboko huyo huyo mavuno yaliyopita, alirudi nyumbani akaitazama yake kama mtu atazamavyo kiatu chake baada ya kuona cha jirani.

Kindi hakulia wala hakufungasha. Alikwenda kuiona mashine. Akalipanda sanduku, akalinusa, akazigeuza geuza diski za gemu alizopanga Kiboko mezani. Juu ya jalada la kwanza palikuwa na picha ndogo za mashine mbili ziwezazo kuicheza: ya Kiboko, na pembeni yake ya Kindi. Jalada la pili, vile vile. La tatu, vile vile. Kindi akatabasamu mpaka mkia ukatikisika. Kisha akaufuta uso wake tabasamu, akamwendea mwenye mali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshaanza kufungasha?"

"Nimeanza na masufuria," Kindi alisema kwa unyonge. Akaeleza kwamba hana kinyongo, ila masikio yanamuuma kwa maneno ya watu. Watu wanasema mashine ya mzee ni ndugu tu wa ile yake, tumbo moja, ila imekula vizuri.

Kiboko akavimba. Na Kiboko akivimba, hata uwanja hubana.

"Nani kasema?"

"Wenye wivu, mzee. Ungeapa mbele ya Mwenyekiti kwamba hazina undugu, wangefunga midomo. Lakini kiapo ni kitu kizito. Labda tuache."

"Tuache nini? Nitaapa!"

Siku ya gulio ikafika, uwanja ukafurika. Kiboko akaweka mkono tumboni, akaapa kwamba mashine yake ni rika jipya, haina undugu na ya Kindi, wala haidaiwi nayo kitu. Tembo akapiga mkonga chini: kiapo kimepokelewa. Watu wakamwonea Kindi huruma, lakini Kindi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Basi tuwekee gemu," alisema Nyati, keshakaa kitako.

Kiboko akachukua diski.

"Samahani, mzee," alisema Kindi. "Hiyo ina picha ya mashine yangu."

Kiboko akairudisha, akachukua nyingine.

"Na hiyo pia."

Akachukua ya chini kabisa. Kindi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akazikusanya zote kwa adabu, akazitia kapuni. "Rika jipya haliazimi ngoma ya wakubwa wake. Tusimwaibishe mgeni. Toa zile zake mwenyewe."

Feni ikaendelea kunguruma, vuuuuu.

Kiboko akachungulia chini ya meza. Akapekua sanduku, akakuta sponji na waya. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo kwamba gemu zake bado hazijatengenezwa.

"Zitatengenezwa lini?" Tembo akauliza.

Kiboko akajikuna. Ikabidi aseme kweli: watengenezaji hawawezi kutengeneza gemu za mashine aliyo nayo yeye peke yake. Hutengeneza gemu zitakazoingia kwanza kwenye mashine ya Kindi, maana ndiyo iliyojaa majumbani.

"Sasa hii yako ina nini?"

"Ina nguvu, Mwenyekiti."

"Nguvu za kufanya nini?"

Kiboko akafikiri sana. "Majani," akasema.

Nyati ndiye aliyeanza kucheka, na Nyati akicheka benchi halibaki salama. Tembo akangoja vumbi litulie, kisha akampa Kiboko hiari: ama kiapo kisimame, na mashine ingurume tupu mpaka gemu zake zizaliwe, ama akifute.

"Ni rika moja," Kiboko akasema, akitazama kucha zake. "Yangu imenenepa tu."

"Kunenepa si kosa, mzee," alisema Kindi, akimpima kutoka kichwani hadi tumboni. "Lakini si kuingia jandoni mara ya pili."

Akamrudishia diski zake. Mashine zikawekwa bega kwa bega, zikaunganishwa kwa waya, ikawekwa gemu ya mpira. Na haki isemwe: yale majani yalikuwa mazuri. Kindi mwenyewe aliusifu umande. Lakini mpira haujali umande. Digidigi mdogo, kwa mashine ya Kindi, alimfunga Kiboko magoli mpaka watu wakaacha kuhesabu.

"Ukifungwa, unapisha," Digidigi akamkumbusha.

Kiboko akainuka. Benchi likashusha pumzi.

Nyati naye alikimbia nyumbani, akaifuta mashine yake vumbi kwa khanga mpya ya mkewe, jambo lililozua kesi nyingine kabisa. Rika jipya la kweli lilikuja baada ya miaka mingi, na gemu zake mkononi, na Kindi akapisha bila ugomvi, wanawe wakiwa wameshakua.

Ngano nimeikunja, wanangu, na funzo lake ni hili: aliyenona si aliyezaliwa upya.