Kikao cha Mtoto wa Kemilembe

"Waliopo huamua, wajao huumia." Mmeisikia msibani jana, mkacheka kwa jinsi inavyokaa vizuri mdomoni. Mimi sicheki. Methali hii ilianza hivi, tena ndani ya ukoo wetu, hapa hapa Kagera.

Dada yangu Kemilembe alizika watoto wawili, wote kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alipotaka wa tatu, hospitali moja ya mjini ilimwambia kwamba yai likisharutubishwa, kabla halijatiwa tumboni, jeni mbovu inaweza kutolewa ikawekwa nzima. Daktari hakuficha. Alisema badiliko hilo litarithiwa na vizazi vyote, na kwamba mengine bado hayajulikani.

Sisi hatuamui jambo zito bila ukoo. Tukakaa kikao. Kila mtu aliulizwa, hadi mashangazi walioolewa mbali. Hata wafu tuliwauliza: mimi mwenyewe nilimwaga rubisi, pombe yetu ya ndizi, makaburini. Hakuna aliyepinga, nasi tukajiona tumetimiza yote.

Kokugonza akazaliwa. Hakulazwa hata siku moja. Akakua, akaolewa, akamzaa Mulokozi, kisha binti. Mulokozi alipofika miaka sita akaanza kujigonga milangoni. Alipofika minane alikuwa haoni kabisa. Madaktari wakapima, wakasema siku ile ya kubadili jeni paliguswa na mahali pengine pasipokusudiwa. Kwa mwanamke kasoro hiyo hujificha, kwa mwanamume hujitokeza. Na yule binti mdogo ameshairithi.

Kokugonza akaja kwa mama yake, nami nipo.

"Mama, mlimwuliza nani?"

"Tuliwauliza wote, mwanangu. Hata walio kaburini."

"Na mimi? Na Mulokozi?"

"Hamkuwapo."

"Hatukuwapo, na sisi ndio tunaoishi nalo."

"Bila hivyo ningekuzika kama nduguzo."

"Najua, mama. Ndiyo maana hata kukulaumu siwezi. Sasa nimlaumu nani?"

 Kemilembe akasema, "Tuliopo tuliamua. Mliokuja ndio mnaoumia." Hakuomba msamaha. Angewaombaje na wale ambao bado hawajazaliwa?

Binti yule mdogo sasa ameolewa, naye anataka mtoto. Hospitali imesema inaweza kubadili tena jeni, irekebishe ilipokosea. Kikao ni Jumapili.  Tutaulizana sote, hatutamsahau mtu, na rubisi nitamwaga mimi. Waliopo huamua, wajao huumia.