Utelezi wa Kokoto za Fundi Kaa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa kijito, na uchafu wake ndani!

Hapo zamani za kale Ngiri walikaa mlimani. Wakaoga kijitoni, wakanya humo humo. Chini yao Fundi Kaa akachimba mashimo matatu ya kina kifupi, akayajaza kokoto. Maji yakashuka chururu! Yakaruka jiwe, chururu! Yakafika bwawani yakiwa meupe. Humo bwawani alikaa Mama Chura, uzazi wake wa kwanza, viluwiluwi tele, na roho juu, roho juu kila saa.

Siku moja akapanda kuangalia. Akagusa kokoto. Telee! Utelezi wa kahawia.

"Fundi! Maji ya wanangu yanapita kwenye hii?"

"Usiguse, mwanangu. Hao ni walaji, wadogo huwaoni. Wanashika jiwe, wanavuta hewa, wanakula uchafu."

"Wanakula uchafu, halafu unaniambia nisiogope?"

Akangoja Kaa ajifiche kujivua gamba. Akamkimbilia Fuko, mchimbaji wa chini ya ardhi.

"Bwana Fuko, nisaidie, wanangu watakufa!"

Fuko akacheka. "Kaa anatembea upande, atajenga nini kikanyooka? Nitakuchimbia shimo moja, refu, safi."

Akachimba pale pale penye mashimo ya Kaa, chimbu, chimbu, yote matatu yakawa shimo moja. Mama Chura akatoa kokoto, akazisugua moja moja, sugua, sugua, akazianika juani.

Maji yakaingia shimoni, yakasimama. Chururu hakuna. Kimya. Walaji hawana jiwe, hawana hewa, wakafa. Wakazuka wengine toka matopeni, wapenda giza, wasiotaka hewa. Nao walikula, ila kwa namna yao. Maji yakawa meusi, yakanuka yai viza, yakateremka bwawani hivyo hivyo.

Viluwiluwi wakapanda juu, midomo wazi, pwa, pwa, pwa.

"Fundi! Fundi Kaa! Toka!"

Kaa akatoka, gamba bado laini. "Fukieni shimo! Rudisheni kokoto!"

Wakarudisha. Kokoto nyeupe, safi.

"Utelezi utarudi lini, Fundi?"

"Mwezi ukiandama."

"Na wanangu?"



Mwezi ukaandama. Utelezi ukarudi, maji yakawa meupe, na bwawani hapakuwa na mtoto hata mmoja wa kuyaogelea.

Basi jueni, wadogo kwa wakubwa: umbo la shimo ndilo linalochagua nani akae humo. Kabla hujalibomoa, uliza nani anaishi ndani, na anakufanyia nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na mtoto, amvute karibu.