Mnazi Hukumbatiwa, Kisima Hupewa Mgongo

"Mnazi hukumbatiwa, kisima hupewa mgongo." Mmemsikia fundi akimwambia hivyo mwenzake, mkacheka, na sasa mnaniuliza maneno haya yametoka wapi. Kaeni, na wewe mwenye simu iweke chini. Yalianza hivi.

Kijijini kwetu palikuwa na mkwezi aitwaye Mwachui. Hakuna mnazi uliomshinda, na kama hukulijua hilo, angekuambia mwenyewe. Mwaka mmoja wa ukame Mzee Nyawa alikuwa akichimba kisima chembamba. Alipofikia maji, upande mmoja wa ukuta ulimeguka, ukamfukia hadi magotini na kukata kamba ya ndoo. Maji yakaanza kumpanda. Watu walikimbilia kijiji cha pili kutafuta kamba. Mkewe, Mejumaa, alipiga magoti ukingoni, akawa anamuuliza kila mara maji yamefika wapi. Yalipofika kiunoni, akaacha kuuliza.

Hapo Mwachui akavua shati. Tulimsihi angoje kamba. Akatujibu kwamba aliyezoea kwenda juu hawezi kushindwa na kwenda chini. Akaingia kwa vile vishimo ambavyo wachimbaji huchonga ukutani vya kukanyagia, kifua chake kikiwa ukutani, kama ashukavyo mnazi. Katikati vishimo vikaisha, maana vilikwenda na ule udongo uliomeguka. Mikono yake ikatafuta shina la kukumbatia. Kisima hakina shina.

Vidole vikaanza kuteleza. Madongo yakamwangukia mzee kichwani. Mwachui hakuweza kupanda wala kushuka, na akianguka angemwangukia mtu aliyenaswa miguu. Nilikuwapo, na hofu ile ninayo mpaka leo.

Nyawa akasema kutoka chini, polepole, "Mwachui, mwanangu, geuka. Kipe kisima mgongo."

"Baba, nikigeuka naanguka."

"Huo si mnazi. Mgongo ukuta huu, miguu ukuta wa pili. Sukuma."

Mkwezi wa kwetu hufundishwa tangu utotoni kwamba siku atakayougeuzia mnazi mgongo ndiyo siku ya mazishi yake. Mwachui alilia, tulimsikia. Kisha akaachia mkono mmoja, akageuka. Miguu ikagonga ukuta wa pili, ikashika.

Akashuka hivyo hadi chini, akafukua kwa mikono ndani ya maji. Miguu ya mzee ilipotoka, maji yalikuwa yamefika kifuani. Mwachui akajibana tena juu kidogo, mgongo huku, miguu kule, akamvuta mzee na kumkalisha mapajani. Kamba haikuwa imefika. Wakakaa vivyo hivyo huku maji yakiwafuata, nasi juu hatuna la kufanya ila kusikia pumzi zao. Mtu mwingine angetetemeka miguu akaachia. Miguu ile ilikuwa imebana minazi tangu ujana, haikutetemeka.

Kamba ilipokuja, alitolewa mzee kwanza. Mejumaa alimshika mumewe, hakumwachia. Mwachui alipotoka, mgongo wake ukichuruzika damu, Mejumaa akamuuliza ufundi ule alijifunza lini.

"Miguu nilikwenda nayo, mama," akasema. "Mgongo amenipa mumeo humo ndani."

Mwachui alirudi kwenye minazi yake. Ila tangu siku hiyo, kila alipoitwa kwenye kazi asiyoizoea, aliuliza kwanza kabla ya kuvua shati, na waliomcheka aliwajibu hivi: mnazi hukumbatiwa, kisima hupewa mgongo.