Konokono na Mkutano wa Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Fumbeni macho, wanangu, na ninyi wakubwa pia. Ioneni chemchemi. Maji maangavu, matope laini kandokando. Humo matopeni Konokono amefukia mayai yake.

Hapo zamani, wanyama wa chemchemi hiyo hawakuwa na mfalme. Kila jambo waliliamua wote pamoja. Kigogota aligonga mti, ngo! ngo! ngo! Wote wakaenda kichuguuni. Anayekubali alisimama kulia, anayekataa kushoto. Wengi ndio walioshinda.

Siku moja Nyati akaitisha mkutano. Alitaka kugaagaa kwenye matope ya chemchemi.

Konokono akasikia. Akawaza: Mayai yangu! Akashika njia. Taratibu, taratibu, taratibu. Alipofika, uwanja mtupu. Fisi tu, anajinyoosha.

"Shangazi, umekuja kufagia?" Fisi akacheka. "Tumekwishaamua. Nyati ataanza mwezi ukiandama."

"Mbona hamkunisubiri?"

"Tukusubiri wewe? Si tutaota mizizi!"

Konokono akarudi kwa wanyama wadogo wenzake. "Miguu yetu haiwahi," akasema. "Tumtume mmoja akatusemee, jambo hili liamuliwe upya."

Wakamchagua Chura. Chura huyo! Chupu! chupu! chupu!

Kichuguuni Nyati akamnong'oneza, "Mdogo wangu, nikiyavuruga matope, nawe utapata pa kuchezea." Chura akasimama kulia.

Aliporudi, Konokono akamwuliza, "Tulikutuma useme nini?"

"Shangazi, huko kuna mambo mengi..."

"Nimekuuliza moja tu."

Chura akakiri kwamba alisimama kulia.

Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimwondoa tu, wakamtuma Panya.

Panya akasimama mbele ya wakubwa. "Mambo mengine nitawasemea wenzangu. Hili linagusa nyumba zao. Kila mmoja aseme mwenyewe, na mkutano uwe hukohuko chemchemini."

Wakakubali. Wakaja. Konokono akawaonyesha mayai, meupe, madogo kama punje za mtama. Kisha akajikokota kushoto. Safari hii walimsubiri. Wengi wakamfuata.

Nyati akainama, akayanusa mayai, fuu! "Basi, Shangazi, mmenishinda. Nitagaagaa kule bondeni."

Mayai yakaanguliwa. Watoto wakatoka, kila mmoja na kijumba chake mgongoni.

Wanangu, wako wanaoamua wote kwa pamoja, na wako wanaomtuma mmoja awasemee. Njia zote mbili ni njema, mradi mdogo naye asikike.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mliyemtuma akirudi, mwulizeni alisema nini.