Risasi Iliyobaki Ndani

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo. Binti mmoja alipenda mchezo wa kulenga shabaha. Kibali alikuwa nacho, mafunzo alishamaliza, ila bastola za dukani zilimshinda bei. Tena alikuwa mwangalifu kupita kiasi: kwenye daftari aliandika uzito, bei ya risasi, hata unene wa mpini, maana kiganja chake ni kidogo. Akasikia mzee mmoja wa kanisa, mwanachama wa klabu yao ya shabaha, anauza ya kwake ya zamani. Akaenda nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hii. Nimeitunza kuliko gari langu."

Mzee akachomoa magazini, kile kibebeo cha risasi, akaiweka mezani kando ya vikombe, akampa bastola. "Tupu hiyo. Lenga ile kalenda ukutani, vuta triga, uone ilivyo laini."

Nyuma ya ukuta ule wa mbao ndiko jikoni. Mke wa mzee alikuwa akiimba pambio huku anakaanga maandazi.

Binti alifundishwa kwamba kila anayepokea silaha aifungue mwenyewe aone kama ina risasi, hata akipewa na mkufunzi. Lakini hebu fikirini: utamkagua vipi mzee wa kanisa, sebuleni kwake? Si ni kumwita mwongo? Aibu ikamshika. Akainua mkono. Kalenda ikakaa sawa mbele ya jicho lake, kidole kikagusa triga.

Akashusha mkono.

"Samahani, baba. Naomba niangalie kwanza."

Mzee akacheka. "Nyie wasomi! Magazini si hiyo hapo mezani? Unataka shahidi gani tena?"

Binti akavuta nyuma sehemu ya juu ya bastola. Risasi moja iliyobaki ndani ya mtutu ikaruka nje, ikagonga kikombe, ikabingirika hadi kwenye kandambili za mzee.

Binti akaiweka bastola mezani, akakaa chini sakafuni. Kutoka jikoni ikaja sauti: "Mgeni wetu anatumia sukari?"



Haya, na sisi je? Ni mara ngapi tumemwambia ndugu, "Yameisha, moyoni sina kitu"? Tumeshikana mikono humu humu kanisani, kila mtu ameona magazini iko mezani. Lakini lile neno alilokwambia kwenye msiba wa mama yako, hilo moja, liko wapi? Mzee yule hakudanganya, jamani. Aliamini kabisa kwamba ni tupu. Na nyuma ya ukuta hakukuwa na adui. Alikuwepo mkewe, anampikia.

Nani yuko nyuma ya ukuta wako? Usiniambie mimi kwamba ni tupu. Kabla hujaenda nyumbani leo, fungua uangalie.