Choo cha Langoni

Ndugu zangu, mji mmoja ulitenga bustani ya watu kupumzikia. Watoto wacheze, wazee wakae kivulini. Ikabaki kujenga vyoo, na fedha ilikuwa ya kubana.

Kamati ikakutana palepale bustanini. Fundi akasema, "Fedha hii inatosha vyoo viwili vya kawaida. Kimoja karibu na bembea za watoto, kingine kule chini wanakokaa wazee. Sakafu ya saruji na tangi la maji ya mvua, basi."

Mwenyekiti hakutaka. "Tujenge kimoja tu, hapa langoni, tukitie marumaru. Mgeni akiingia akione."

Skolastika, mama anayefagia bustani ile, alikuwa karibu. Akasema kwa adabu, "Mwenyekiti, kutoka kule chini hadi langoni ni mbali. Mzee hafiki."

"Mama, wewe endelea na kazi yako."

Kikajengwa cha marumaru, kikatiwa kufuli kisichafuke kabla ya uzinduzi.

Siku ikafika. Mama mzazi wa mwenyekiti alikuja pia, akaketi kule chini na wazee wenzake. Katikati ya hotuba haja ikambana. Akajikongoja kupanda hadi langoni, akakuta kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwanawe, naye yuko jukwaani anasifu marumaru.

Mwili wa kizee unasubiri hotuba iishe? Bibi yule alilowa palepale, mbele za watu. Skolastika akavua kanga yake ya juu, akamfunga kiunoni, akasimama kumkinga wasimtazame.

Mwenyekiti akaja mbio. Mama yake hakumkaripia. Alimuuliza tu, "Mwanangu, hiki umemjengea nani?"

Wiki iliyofuata mwenyekiti alimwendea Skolastika, akamwomba amwonyeshe mahali pa kuchimba choo cha wazee kule chini.

Na sisi je? Tukipanga sherehe, tukikarabati kanisa, hata tukimpelekea mgonjwa zawadi, tunamfikiria nani kwanza: mwenye shida, au mgeni atakayetusifu? Tusidanganyane, wapendwa. Mara nyingi ni mgeni.

Basi wiki hii, kabla hujamfanyia mtu jambo jema, nenda kwanza ukamuulize anahitaji nini. Ukishamuuliza, nyamaza, umsikilize.